Kichwa cha Ndovu na Vichwa vya Kanga

Zamani, wanyama walipotafuta wa kuwatunzia kumbukumbu za njia za visimani, walipima vichwa kwa kamba. Ndovu akashinda.

"Na ukiugua, babu?" Nungunungu akauliza.

"Kichwa hiki? Labda miiba yako iugue kwanza, mjukuu wangu."

Nungunungu akawaomba kanga saba wakariri kila alichosema Ndovu. "Wambea wamepata kazi," wenzake wakacheka.

Kiangazi kikaja na homa, Ndovu akasahau hata jina lake. Kiu ikawabana. Kanga mmoja akaanza kuitaja njia, akakwama. Wa pili akadakia, kisha wa tatu, hadi wanyama wakafika majini.

Ndovu alishafariki. Siku hizi kanga, wakiikariri njia na kukaribia kisima cha mwisho, hukohoa wote palepale alipozoea kukohoa yeye. Nungunungu hufumba macho.

"Haya, babu," husema, "tumefika."