Mita Kumi na Mbili

Tunu aliikadiria zahanati mita mia nne za waya, nayo ikala mia nne na kumi na mbili. Kwa sheria, mita alizokosea fundi hung'olewa katika kuta za nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo asubuhi ile mkaguzi alifika na koleo.

"Tuanzie wapi, fundi?"

"Jikoni, kisha sebuleni," Tunu alijibu, akiwa ameziba mlango wa chumba cha mama yake, aliyekuwa akipumua kwa mashine.

Mkaguzi aling'oa, akapima. "Kumi na moja. Bado mita moja."

Kilibaki chumba kile tu.

"Mwanangu," mama aliita kutoka kitandani, "mpe waya wa taa ya humu. Macho yangu hayasomi tena."

Mkaguzi akaukata. Mashine ikaendelea kukoroma, na Tunu akashusha pumzi.

Mkaguzi hajafika hata barabarani, simu ikaita. Alikuwa mwalimu mkuu. "Fundi, tunasubiri makadirio yako ya shule. Wenzako wawili wameshatoa ya chini."

"Nipe siku moja nipime tena, mwalimu."

"Tunafunga zabuni sasa hivi."

Tunu aliutazama waya wa mashine, uliobaki peke yake nyumbani, kisha akataja namba.