Majirani Watatu

Siku hizi sarafu za mtandao hazinunui hata chumvi mpaka majirani watatu wabonyeze ndiyo kwenye simu zao. Mimi mtu wa njia, nimeingia Mpanda juzi tu. Mchele wangu angeukubali nani?

"Babu, sisi hatukujui," akasema Bi Tunu wa mlango wa pili.

"Basi mtanijua kwa pilau. Atakayebonyeza atakula."

Wakabonyeza watatu papo hapo! Mchele ukaja, nikapika, wakalamba mpaka sinia. Nimezunguka nchi nyingi, lakini sijawahi kuuteka mtaa mzima kwa sufuria moja.

Asubuhi nikaagiza viatu vya safari. Hakuna aliyebonyeza.

Bi Tunu akachungulia dirishani, anacheka. "Viatu vya nini tena, Babu? Wewe sasa ni wetu."