Nakshi za Mama Wino

Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa ikitokota tangu asubuhi, na ndani yake hakukuwa na chakula. Kulikuwa na skafu ya hariri, imeviringishwa kwenye karatasi, inapigwa mvuke ili rangi ishike.

"Mama, leo tutakula nini?" mwanawe aliuliza.

"Mkate upo," alijibu Mama Wino bila kugeuka.

Majirani walimbandika jina hilo kwa kuwa alikuwa karani kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu hakutaka kalamu nyingine ila ile ya kujaza wino. Haandiki jambo bila rasimu, hata barua za dada yake, ambaye masikio yamemgomea na simu hazimfai tena. Wala hatupi karatasi. Zote huishia kwenye droo.

Uchoraji wa hariri aliuanza wiki tatu zilizopita, mwalimu wake akiwa video za kwenye simu, na kwa wiki hizo nyumba ilikiona cha mtema kuni. Skafu ya kwanza ilitoka madoa matupu, akaifutia madirisha. Ya pili rangi ziliingiliana zikawa tope. Kilibaki kipande kimoja tu cha hariri, na Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Jumamosi hiyo mama wa mchumba wa mwanawe alikuwa anakuja kutaja tarehe ya harusi, au kuvunja uchumba. Walipokutana mara ya kwanza, mama huyo alijisifu saa mbili mfululizo, mpaka Mama Wino akamuuliza kama koo halijamkauka. Mwenzake alinuna, binti akalia. Mama Wino alirudi nyumbani kifua kimemjaa, akammiminia dada yake kurasa nne. Sasa mwanawe alimsihi auchunge ulimi wake.

"Sitasema hata neno," aliahidi. "Skafu itasema."

Safari hii aliifuata video hatua kwa hatua. Aliiwamba hariri kwenye fremu, akachora majani ya zambarau katikati, akanyunyizia chumvi rangi ikiwa bado mbichi ili itawanyike. Mwalimu alisema iviringishwe kwenye karatasi nyeupe. Nyeupe zilikuwa zimekwisha kwenye majaribio, basi akachomoa za kwenye droo. Karatasi ni karatasi.

Alipoifungua mchana, aliitandaza mezani. Pembezoni, alipopaacha peupe, zilitokea nakshi ambazo hakuzichora, tena upande mmoja tu wa skafu: mistari myembamba ya buluu, iliyojikunja na kufuatana safu kwa safu. Hakuwa na shaka kwamba ni kazi ya chumvi. Zilikuwa nzuri hadi machozi yakamlengalenga.

Kesho yake mgeni alifika na binti yake, uso ameukaza. Chai ilinywewa kwa adabu nyingi mno. Kisha Mama Wino akamvika skafu mabegani, upande wenye nakshi ukiwa nje, akafunga mdomo kama alivyoahidi.

Mgeni aliipapasa. "Hii umeinunua wapi?"

"Nimeichora mwenyewe, mkwe wangu."

"Na hizi nakshi?"

"Hizo hazifundishwi," alisema Mama Wino, akiinamisha kichwa kidogo. "Zinatoka moyoni."

Uso wa mgeni ulikunjuka. Alisema maishani mwake hajawahi kuvaa kitu kizuri namna hii, kwamba siku ile walianza vibaya tu, na kwamba tarehe anayo tayari. Mwanawe alimshika mchumba wake mkono chini ya meza. Mama Wino alishusha pumzi ambayo aliibana kwa wiki tatu.

"Ngoja kwanza nijione," mgeni alisema, akainuka hadi kwenye kioo kirefu cha ukumbini.

Alijiweka sawa, akatabasamu, akageuka kushoto na kulia. Halafu akasogea karibu zaidi, macho yakifuata safu ya kwanza ya nakshi.

"'Dada yangu,'" alisoma taratibu, "'mama wa huyo binti hapiti penye kioo bila kusimama...'"