Uzio Usioruhusiwa Kuchanua

Tangu alfajiri Doña Tiburcia alikuwa juu ya ngazi, akikata maua ya uzio wake mwenyewe.

Huku Sonora uzio hujengwa kwa fito za okotiyo, mmea wa jangwani, zenye miiba ya kumtoa mtu machozi. Ukizichomeka ardhini zikapata mvua mbili tatu, zinashika mizizi, na ikifika Machi kila ufito unatoa shada jekundu kwenye ncha yake. Majirani waliziacha zichanue. Yeye alikata mashada yakiwa bado machanga, akayatia kwenye ndoo, kisha akayachoma nyuma ya jiko. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Sababu aliijua kila mtu. Maua mekundu huleta kolibri, yule ndege wa ukubwa wa kidole gumba anayesimama hewani akinyonya asali. Na kolibri akiingia uani na kusimama mbele ya uso wa mtu, basi ni marehemu wa nyumba ile amekuja kuaga. Jamaa husali rozari siku tisa, na mjane huvua pete. Evaristo, mtoto pekee wa Doña Tiburcia, alichukuliwa na watu wenye bunduki kwenye barabara ya Caborca, na hakuonekana tena.

"Hajaja kuaga," mama yake aliwaambia watu. "Kwa hiyo yu hai."

"Atakujaje, Mama, na wewe unamfungia mlango kila mwaka?" Amparo aliuliza kutoka chini. Alikuwa mke wa Evaristo, na ndiye aliyeishika ngazi.

"Shika vizuri. Unaitikisa."

Amparo alikuwa na miaka thelathini na minne. Siku hiyo saa sita mchana Nabor, dereva wa mashamba ya zabibu, angepita na gari lake akihamia mjini Hermosillo moja kwa moja. Alikuwa amemposa mara tatu na kusema hapatakuwa na ya nne. Amparo alimpenda, hilo halikuwa siri. Ila hakutaka kuondoka akiwa bado mke wa mtu. Alitaka pete imtoke kidoleni kwa haki.

"Acha ufito mmoja tu, Mama. Ndege asipokuja, nitanyamaza mpaka nizeeke."

"Na akija?"

"Akija tutajua."

"Unataka kujua, au unataka kupanda gari?"

Amparo aliishika ngazi kwa mikono miwili. Alitaka yote mawili, na aliona aibu.

Saa nne walifika wanawake sita waliovaa kofia pana, kila mmoja na nondo begani. Nao walikuwa wakitafuta watoto wao waliopotea. Walizichomeka nondo ardhini, wakazichomoa, wakanusa ncha kama zina harufu ya maiti. Waliomba ruhusa ya kupita nyuma ya nyumba, ng'ambo ya korongo.

"Huko nimeshapita mwenyewe," Doña Tiburcia aliwaambia. "Hakuna kitu ila nyoka. Na mwanangu hatafutwi ardhini."

Kiongozi wao alimtazama kwa huruma, akawaongoza wenzake kufuata njia. Amparo aliwasindikiza kwa macho mpaka vumbi likawameza. Aliwaonea wivu wanawake wale, maana wao angalau walikuwa na ruhusa ya kulia.

Alirudi ndani, akatoa shali yake nyekundu, akaianika kwenye waya wa nguo, katikati kabisa ya ua. Haikuwa na unyevu hata kidogo. Doña Tiburcia alishuka kwenye ngazi, akaiondoa, akaikunja vizuri pande nne na kumrudishia.

"Imeshakauka," alisema.

Nabor alipiga honi saa sita kasoro. Alishuka, akavua kofia.

"Habari za mchana, Doña."

"Nzuri. Ukitaka maji, mtungi uko kwenye kivuli. Ukitaka kingine, hakipo."

Amparo alitoka na begi. Alikuwa amelifunga tangu jana, akalificha chini ya kitanda. Alifika mpaka langoni. Kisha akageuka, akamwona mama mkwe wake mezani chini ya kipaa, akiandaa sahani ya Evaristo kama kila siku: maharage, chapati mbili za tortilla, na kitambaa cheupe juu yake nzi wasiingie. Mikono ile ya kizee ilikuwa imejaa mikwaruzo ya miiba.

Amparo aliweka begi chini.

"Nenda, Nabor."

"Amparo, usinifanyie hivi."

"Akianguka kwenye ngazi, nani atamwokota? Siwezi kumwacha peke yake na tumaini lake. Likimfia mikononi, naye atakufa."

"Na mimi je?"

"Wewe una barabara."

Nabor alivaa kofia, akalitazama begi, akamtazama mwenye begi. Halafu akaondoka. Amparo alisimama pale hata baada ya mlio wa gari kupotea, kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na kilio chake kikasikika uani.

Doña Tiburcia aliosha vyombo. Jua lilipoanza kupoa alijaza ndoo maji, kama kila jioni, kwa ajili ya mbuzi.

"Nikubebee, Mama?" Amparo aliuliza kutoka dirishani, sauti ikiwa imemkauka.

"Pumzika, binti yangu. Huko kuna nyoka."

Alipita zizi la mbuzi bila kusimama. Akateremka korongoni polepole, ndoo ikimlemea, akapanda upande wa pili. Huko okotiyo moja ilikuwa imechanua kila tawi, nyekundu tupu, na kolibri watatu walikuwa wakigombea mashada yake. Alimwaga maji shinani, akang'oa magugu yaliyoota kati ya mawe, mawe aliyoyapanga mwenyewe miaka sita iliyopita kwa urefu wa mtu.

Kolibri mmoja alikuja akasimama hewani mbele ya uso wake.

"Tulia, Evaristo," alimwambia. "Mkeo hajaenda popote."