Mzigo Getini

Miaka hiyo kila nguo ilishonwa ikiwa na kichipu cha utambulisho ndani yake, na kila lango mjini Morogoro lilikisoma. Mzee Mbaruku, aliyeanza kupoteza kumbukumbu, alitoweka asubuhi moja. Binti yake Sikudhani alimtafuta kote hadi mlinzi wa kiwanda cha nguo, alikofanya kazi mzee zamani, alipompigia simu.

“Dada, shati la mzee limesomeka ghalani kwetu.”

Alimkuta ameketi juu ya marobota ya pamba, mzima, anakunywa chai.

“Umechelewa zamu, mwanangu!”

Sikudhani alimkumbatia, machozi ya furaha yakimlenga.

Walipotoka, lango la ghala, lililozoea kukagua bidhaa, lilisoma shati la mzee, likauliza kwa upole: “Mzigo huu ni wa nani?”

“Wangu,” alijibu Sikudhani upesi, nalo lango likafunguka.

Njiani alimshika baba yake mkono, akijitahidi kulisahau neno lile la lango, “mzigo.”