Kitovu Chini ya Jiko

Siku hizi jengo la mjini halibomolewi mpaka mpimaji aisikilize ardhi iliyo chini yake. Kikipatikana kitu cha miaka mia, jengo linabaki. Kisipopatikana, wapangaji wana siku saba za kuhama.

Mpimaji Mshamu alichomeka kipimo chake kwenye sakafu ya jiko la Bi Mwanakheri, mjane aliyekaa hapo tangu aolewe. Mashine ikasema: "Kitovu cha mtoto. Miaka thelathini na minne."

"Cha Mwinshehe wangu hicho," alisema Bi Mwanakheri. "Alifia ugenini, hata kaburi lake silijui. Nimebakiwa na hicho tu, baba."

"Haijafika mia, mama."

"Itafikaje mia, na nyie mnabomoa?"

Mshamu aliinamia mashine. Akabonyeza: ARDHI TUPU.

Jioni mkewe, aliyejifungua wiki iliyopita, alimpokea na kifurushi cha pamba mkononi.

"Kitovu cha mtoto kimedondoka leo. Tukizike wapi?"

Mshamu aliitazama sakafu ya nyumba yao ya kupanga. Kisha akakitia kile kifurushi mfukoni mwa shati, na mpaka leo anatembea nacho, jengo hadi jengo.