Chumvi Kwenye Pipa

Kipima chumvi hakikuwa na sababu ya kumdanganya. Jana jioni Waldemar Bentancor alijaza pipa kwa maji ya chupa, akayapima, yakawa safi. Asubuhi hii, aliporudi na mkate, pipa limejaa vilevile, lakini namba zimepanda, na majani ya mimea yake yamezidi kuungua, sasa kutoka nchani hadi katikati.

"Mwizi ana akili huyu," alinguruma. "Anachota yangu, anajazia ya bomba."

Ulikuwa mwaka wa ukame, na maji ya bomba ya Montevideo yalikuwa na chumvi. Mtaa mzima ulilalamika kwamba mate, ile chai chungu wanayoifyonza kwa mrija kutwa kucha, imegeuka mchuzi. Waldemar peke yake hakulalamika. Alizunguka na kibuyu chake mkononi na chupa ya chai kwapani, ambayo mkewe alimjazia kila siku, na akiwasikia wenzake wakinung'unika aliwacheka. "Ndimi zenu za kitoto," aliwaambia. "Mimi nakunywa hayohayo ya bomba na sijafa."

Maji safi yalikuwa ya bangi. Mimea sita chini ya taa katika banda la uani, kama sheria inavyoruhusu kila nyumba, na yote ilikuwa ya mkewe, Nibia. Tangu aanze dripu za saratani, matone ya mafuta ya bangi chini ya ulimi ndiyo pekee yaliyomwezesha kumeza chakula kikakaa. Chupa ya mafuta ilikuwa inakaribia kwisha. Mavuno haya yakiharibika, Nibia atarudi kutapika hata uji, na mwili wake haukuwa na cha ziada cha kupoteza.

Kwa hiyo Waldemar hakubahatisha kitu. Mboji aliichekecha mwenyewe, akachanganya na samadi ya minyoo na chenga nyeupe za kupitisha hewa. Mbolea aliipima kwa bomba la sindano. Uchachu wa maji aliuangalia kabla ya kila umwagiliaji. Udongo ulikuwa mwepesi, unanukia msitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake alikuwa Ariel.

Ariel Olaza alikaa ng'ambo ya ukuta. Zamani walikuwa marafiki wa kuachiana funguo, na ule wa banda Ariel hakuurudisha hata baada ya kuchukua mchanganyiko wa udongo wa Waldemar, kuupeleka kwenye mashindano ya wakulima, kushinda kikombe na kumsahau mwenye udongo jukwaani. Miaka minne sasa walikuwa wakisalimiana kwa matusi. Na mimea ya Ariel, katika ukame uleule, ilikuwa kijani kibichi.

Waldemar alipanda ngazi akachungulia juu ya ukuta.

"Ariel. Wewe maji unatoa wapi?"

"Mbinguni, jirani. Naomba, napewa." Ariel hakuinua hata kichwa. "Na wewe unalima nini humo siku hizi? Tumbaku? Maana nimesikia imekauka."

"Nani kakwambia imekauka?"

Ariel alisita kidogo. "Watu," alisema, akaingia ndani.

Basi. Waldemar alishuka ngazi. Aliyeiona mimea yake ni aliyeingia bandani, na aliyeingia bandani ana ufunguo. Alimchukia mtu yule mpaka meno yakamuuma.

Jumapili Ariel alipokwenda gulioni, Waldemar alichukua gunia la chumvi ya mawe, ile ya kuchomea nyama, lililokaa karibu na jiko la nje. Aliiyeyusha kwenye ndoo, ndoo baada ya ndoo, akaruka ukuta na umri wake wote, akamimina katika tangi la Ariel. Adhuhuri pampu iliwaka yenyewe, kama kila siku. Alisimama pale akaisikiliza ikiyavuta maji kwenda kwenye mimea ya Ariel mpaka tangi likakauka, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze.

Nibia alikuwa jikoni, kitambaa kichwani, akimjazia chupa ya chai.

"Mwizi wetu wa maji nimemlipa," Waldemar alisema, akivuta kiti. "Hata jani moja hatavuna."

Mkono wa Nibia ulisimama.

"Mwizi gani, mzee?"

"Ariel. Nani mwingine?"

Nibia aliketi polepole. Alitazama viatu vya mumewe, vilivyolowa na kuanza kuota weupe pembeni.

"Maji nilikuwa nachota mimi, ya chai yako," alisema. "Kila ukienda kununua mkate. Daktari alikukataza chumvi, presha yako inataka kukupasua, na wewe maji yote safi unayapeleka bandani. Ningekwambia ungekubali?"

Waldemar alivuta miguu yake chini ya kiti.

"Nilijua naiua mimea," Nibia aliendelea. "Nikaona bora iondoke hiyo kuliko wewe. Kwa hiyo nilikwenda kwa Ariel, nikamweleza yote. Alilia, yule. Anachota maji kisimani kwa dada yake, huko shamba, kila alfajiri." Aliishika mikono ya mumewe, akashangaa ilivyokuwa baridi. "Mimea yake yote sita, mzee, kasema ni yangu. Leo kaenda gulioni kunitafutia chupa za kutilia mafuta."